Pumzi ya Fisi, Mgongo wa Simba

Mtu wa Robanda au Mugumu hahitaji kitabu kumwambia kwamba fisi hachoki. Usiku humsikia akicheka ng'ambo ya korongo, na alfajiri hukuta nyayo zake zimepita karibu na zizi, zikavuka barabara na kupotelea upande wa hifadhi. Hata hivyo vitabu vipo. Mwaka 1972 vilichapishwa viwili vilivyotokana na miaka ya kuwafuata wanyama Serengeti: cha Hans Kruuk kuhusu fisi madoa, na cha George Schaller kuhusu simba. Kruuk ndiye aliyemsafishia fisi jina. Alikesha akiwafuata usiku, akaona kwamba hawaishi kwa mizoga ya wenzao kama tulivyozoea kuwasimanga. Huwinda wenyewe, tena kwa kumkimbiza nyumbu mpaka pumzi imwishie. Simba hana habari na mbio ndefu. Huvizia, huruka, hukaba, na mawindo yakishampita mita mia chache huyaacha yaende.

Tofauti hiyo imo kifuani. Moyo wa fisi una uzito unaokaribia asilimia 1 ya mwili wake. Wa simba ni kama nusu ya hapo. Mmoja alipewa pumzi, mwingine akapewa nguvu ya kubwaga, na hakuna aliyepewa vyote. Binadamu naye hakufikia kilele cha yeyote kati yao. Alichopewa ni mwili unaogeuka kufuata kazi anayoupa. Na matatizo huanza pale anapoupa kazi mbili kwa mpigo.

Mfano ni kijana wa Tarime. Tumwite Chacha, ukiita jina hilo mnadani watageuka kumi. Anatafuta nafasi jeshini, au ya askari wa wanyamapori upande wa Serengeti, kazi ya kutembea doria kutwa na kisha, katika dakika mbili za mwisho, kumdhibiti jangili mwenye panga. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi Chacha yuko kwenye vilima, siku sita kwa wiki, kabla ya kwenda kufunga maksai kwenye plau. Jioni yuko juu ya turubai lililotandikwa kwenye maranda, akipiga mieleka. Na kwa kuwa ndiye mkubwa, na aliwahi kufundishwa judo kidogo, wenzake wanamwita kocha. Kila mmoja anataka aonyeshwe, ajaribiwe, abwagwe, arudiwe.

Mwezi wa kwanza hakuna aliyemtingisha. Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, mdogo wake Mwita alimpiga ngwala, Chacha akaenda chini kama gunia la muhogo. "Mura," wenzake wakamtania, "siku hizi unabebeka!" Chacha akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Akaongeza mbio.

Aliyeipeleka hali hii maabara aliionja kwanza mwilini mwake. Robert Hickson alikuwa mtu wa kuinua vyuma. Alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya utafiti chini ya John Holloszy, mwanasayansi aliyependa mno kukimbia. Hickson naye akaingia kwenye mbio za mwalimu wake. Vyuma hakuviacha, lakini nyama zikaanza kumpungua. Inasimuliwa kwamba alipomweleza Holloszy, alijibiwa kuwa siku akipata maabara yake mwenyewe, hilo ndilo liwe la kwanza kulichunguza.

Akalichunguza kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980, mwaka uleule ambao Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa huuhuu wa Mara, alirudi kutoka Olimpiki ya Moscow na medali ya fedha ya mita 5,000. Hickson aliwagawa watu makundi matatu kwa wiki kumi. La kwanza liliinua vyuma siku tano kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi ya pumzi dakika 40, siku sita kwa wiki, kwa kukimbia na kuendesha baiskeli. La tatu lilibeba mizigo yote miwili.

Upande wa pumzi hakukuwa na kilio. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 20 ukipimwa kwa kukimbia na 25 kwa baiskeli, na waliochanganya walipanda sawa na waliofanya pumzi peke yake. Vyuma havikuzuia pumzi kujengeka. Kilio kilikuwa upande wa nguvu. Waliochanganya walipanda bega kwa bega na watu wa vyuma hadi wiki ya saba. Kisha wakasimama. Wiki ya tisa na ya kumi wakaanza kushuka, ilhali mazoezi yalikuwa yaleyale na bidii ileile. Ngwala ya Mwita ilikuja katika majira hayohayo.

Kwa nini mwili upoteze kitu unachofanyiwa mazoezi kila siku? Jibu linaanzia tena kwa Holloszy. Mwaka 1967 alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa huongeza karibu maradufu uwezo wa mitokondria katika misuli yao. Mitokondria ni majiko madogo ndani ya chembe ya msuli, ambamo chakula huchomwa kwa oksijeni kutoa nguvu. Anayekimbia sana hujengewa majiko mengi. Anayeinua mizigo au kukunjana na mtu wa uzito wake hujengewa kuta: nyuzi za msuli huwa nene na zenye nguvu.

Miaka iliyofuata watafiti waligundua nani hutoa amri ya kila ujenzi. Ndani ya chembe kuna kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho kazi yake ni kupima akiba ya nishati. Ukikimbia muda mrefu akiba hushuka, AMPK huamka na kuagiza majiko yaongezwe. Kuna protini nyingine, mTOR, ambayo ndiyo msimamizi wa kujenga nyama. Hii huamshwa na mzigo mzito na chakula chenye protini. AMPK ikiwa juu, humnyamazisha mTOR. Ni hesabu ambayo mama yeyote wa Nyamongo au Natta anaifahamu: unga ukipungua ndani, fundi wa kupiga plasta anaambiwa asubiri. Nyumba haitaanguka, lakini ukuta hauongezeki.

Watu wa mazoezi waliposikia habari hiyo wengi walikimbilia hukumu: mwenye kutaka nguvu asikimbie. Lakini mpiga mieleka aliyeacha pumzi ni simba katika mchezo usioisha kwa mruko mmoja. Pambano la judo, mchezo ambao Andrew Thomas Mlugu aliiwakilishia Tanzania Rio mwaka 2016 na Paris mwaka 2024, sasa ni la dakika 4. Mieleka ya Olimpiki ina vipindi viwili vya dakika 3 kwa wanaume na wanawake. Nguvu ya kumbeba mtu hutoka kwenye akiba ya haraka iitwayo fosfokriatini, nayo hudumu sekunde chache tu. Inayoijaza upya, wakati mmeshikana kola mkitafutana, ni oksijeni. Mwenye majiko mengi hujaza upesi. Asiye nayo hubaki na mikono mizito kama mawe, na hapo ndipo watazamaji huanza kupiga kelele, "Pumzi imekata huyo!"

Na hukumu yenyewe ilikuwa ya haraka mno. Mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake walikusanya tafiti 43 zilizolinganisha watu wa nguvu tupu na watu wanaochanganya. Wakakuta kwamba kwa jumla kuchanganya hakumnyimi mtu nguvu zake za juu kabisa, wala hakupunguzi ukuaji wa misuli. Kilichoguswa kidogo ni nguvu ya ghafla, ile ya kuruka na kurusha. Tena hasara hiyo ilionekana zaidi pale mazoezi yote mawili yalipofanywa kwa mkupuo mmoja, kuliko pale yalipoachanishwa kwa saa tatu au zaidi.

Kwa mpiga mieleka nguvu ya ghafla si jambo dogo, ndiyo inayobwaga. Lakini angalia jinsi tatizo lilivyopungua ukubwa. Chacha tayari anakimbia asubuhi na kupigana mieleka jioni, na kati ya hayo mawili zipo saa kumi. Kwa nini basi anabebeka?

Turudi kwa watu wa Hickson tuhesabu. Siku tano za vyuma na siku sita za pumzi ni vipindi 11 kwa wiki. Na havikuwa vya kutembea: vyuma vilikuwa vizito kadiri mtu alivyoweza, na pumzi ilikuwa ya kufukuzana na saa kila siku. Katika wiki kumi hapakuwa na siku moja nyepesi ya kazi. Ndivyo ilivyo kwa Chacha, isipokuwa Chacha ameongeza plau, na ameongeza kitu kingine ambacho hakukihesabu kabisa. Kitu hicho tutakifikia.

Kuhusu siku nyepesi kuna somo zuri kutoka kwa farasi. Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi walivyowafundisha farasi wa mbio kwa miezi mingi, siku ngumu ikifuatwa na siku nyepesi. Walipoongeza ugumu wa siku ngumu, farasi walistahimili, wakazidi kuwa imara. Walipoanza kuongeza ugumu wa siku nyepesi, farasi wakaharibika: hawakuweza tena kumaliza kazi walizokuwa wakizimudu. Kilichowaangusha ni kuporwa siku ya kupumua.

Mkulima wa Tarime haoni ajabu hapo. Maksai hufungwa nira kungali na umande, na jua likishapanda hufunguliwa wakachunge. Ukimwona mtu analimisha ng'ombe haohao asubuhi, mchana na jioni, unajua ng'ombe si wake, ameazima. Ajabu ni kwamba huruma hiyo tunayo kwa ng'ombe, mwili wetu tunautumia kama wa kuazima.

Carl Foster, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko La Crosse, aliona jambo hilohilo kwa wanariadha. Siku ambayo kocha alipanga iwe nyepesi, wao waliifanya ngumu kuliko alivyokusudia. Na siku ngumu wakaifanya nyepesi kuliko alivyotaka, kwa kuwa walifika wamechoka. Siku zote zikafanana. Foster alitoa pia kipimo kisichohitaji saa ya bei wala mashine. Kama nusu saa baada ya mazoezi jiulize: kazi ile ilikuwa ngumu kiasi gani, kutoka 0 hadi 10? Zidisha jibu kwa dakika ulizotumia. Saa moja ya mieleka yenye ugumu wa 8 ni 480. Mbio za polepole za dakika 40, ugumu wa 3, ni 120. Andika kwenye daftari kila siku, na baada ya wiki mbili utaona kama una mabonde na vilima, au una nyanda tupu za uchovu.

Sasa tumhesabie Chacha kile alichokisahau. Siku ya kufundisha wenzake yeye huiona si mazoezi, "Leo nawaelekeza tu." Lakini kuelekeza kwake ni kupigana na kila mmoja wao kwa zamu, wao wakiwa wamepumzika na yeye hajapumzika. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Siku aliyoiita ya mapumziko ndiyo nzito kuliko zote katika wiki yake. Kocha amejigeuza turubai.

Wenye busara rahisi watamwambia aache kufundisha. Hapo ndipo nisipokubaliana nao, na sayansi ina la kusema.

Mwaka 2014 John Nestojko na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, mji uleule alikokuwa Holloszy, waliwapa watu kifungu cha kusoma. Baadhi waliambiwa kwamba watafanyiwa mtihani; wengine waliambiwa kwamba watamfundisha mtu mwingine. Mwishowe hakuna aliyefundisha, wote wakapewa mtihani mmoja. Waliodhani watafundisha walikumbuka zaidi, na walikumbuka kwa mpangilio: kiini kwanza, matawi baadaye. Miaka miwili baadaye Marcos Daou na wenzake wakajaribu jambo hilo kwa viungo badala ya maneno, kwa kutumia mpira wa gofu. Waliojifunza kuusukuma shimoni wakitarajia kumfundisha mtu walifanya vizuri zaidi walipopimwa baadaye kuliko waliojifunza kwa ajili yao wenyewe tu.

Sababu yake inaeleweka. Anayejifunza kwa ajili yake huridhika jambo likifanyika. Anayejua ataulizwa "kwa nini?" hulivunja vipandevipande: mguu upi unabeba uzito, mkono unavuta kabla au baada ya mguu kufagia, kichwa kiko upande gani. Na kazi hiyo ya kuvunjavunja haiamshi AMPK wala haichomi akiba ya misuli. Ni kazi nzito kwa kichwa, nyepesi kwa mwili.

Basi siku nyepesi ambayo Chacha ameikosa kwenye wiki yake anayo tayari. Aliiharibu kwa kuigeuza ya kupigana. Afundishe siku hiyo bila kushindana. Aonyeshe mbinu mara tatu, polepole kiasi cha mtu kuhesabu hatua, kisha awapange wawiliwawili waishike wao kwa wao, naye azunguke akitazama. Dakika 90 zilezile, ugumu ukashuka hadi 2, na hesabu ni 180. Wenzake watafaidi zaidi pia, kwa kuwa anayebwagwa na kocha mara ishirini hujifunza zaidi kuanguka kuliko kubwaga.

Upande wa mbio, Hickson huyohuyo alituachia zawadi nyingine ambayo haikupata umaarufu wa ile ya 1980. Aliwachukua watu waliokwisha kujenga pumzi kwa wiki kumi za siku sita, akawapunguzia kwa wiki kumi na tano zilizofuata. Waliopunguziwa siku kutoka sita hadi mbili tu, huku kasi ikibaki ileile, walibaki na uwezo wao wa kutumia oksijeni. Waliopunguziwa dakika kutoka 40 hadi 13, kwa kasi ileile, vilevile. Hata hivyo safari ndefu ziliwashinda mapema kuliko zamani. Waliopunguziwa kasi ndio waliopoteza. Maana yake ni kwamba kujenga pumzi ni ghali, kuitunza ni rahisi, na bei ya kuitunza hulipwa kwa kasi, si kwa wingi wa siku.

Kwa mtu mwenye shamba na ng'ombe hii ni habari njema sana. Wiki ya Chacha inaweza kuwa na mbio mbili kali za vilima, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, fupi lakini za kweli. Mieleka ya nguvu zote ije Jumanne na Ijumaa jioni, akiwa hajakimbia siku hiyo, ili ile nguvu ya ghafla isifike imeshachoka. Jumatano afundishe. Jumamosi atembee mwendo mrefu wa taratibu, maana doria ni mwendo na dakika 13 hazitoshi kuifundisha miguu safari ya kutwa. Jumapili apumzike. Majira ya kulima, plau ihesabiwe kama mazoezi kwenye daftari, kwa namba yake halisi, na mbio moja ikatwe bila majuto. Na mTOR asiachwe na njaa: bakuli la maziwa, dagaa wa ziwani kwenye ugali, maharage. Nyama choma na kichuri vikipatikana, hatutamzuia mtu wa Tarime.

Kuna tahadhari moja, nayo imetoka kwa Daou na wenzake wenyewe. Mwaka 2019 walionyesha kuwa waliojifunza kwa nia ya kufundisha huweza kuteleza zaidi wakiwekwa chini ya shinikizo. Maelezo yote waliyojirundikia kichwani hujaa njiani mwili unapotaka kwenda wenyewe. Kwa hiyo siku ya pambano, au siku ya usaili, kocha afunge mdomo. Asimwelekeze mtu pembeni ya turubai dakika tano kabla ya zamu yake. Mwalimu abaki kwenye Jumatano.

Jumatano moja, basi, baada ya wiki chache za mpango huo, mdada aitwaye Bhoke, aliyejiunga juzi, anamkatiza Chacha katikati ya maelezo. Anataka kujua kwa nini mguu wake wa kusimamia uko mbali vile wakati anapiga ngwala. Chacha anafungua mdomo kujibu, kisha anautazama mguu wake. Uko mbali kweli. Mtu yeyote mwenye jicho angeweza kumfuata kwenye mguu ule, akamwangusha kirahisi, na mtu huyo ana jina: Mwita. Tangu siku ile alifikiri kilichompeleka chini ni upungufu wa pumzi, akaukimbilia vilimani kila alfajiri. Uchovu ulimfanya awe mzito, ndiyo. Lakini mlango aliuacha wazi yeye mwenyewe, na kwenye kasi ya kupigana asingeuona.

Anausogeza mguu ndani. "Haya, Bhoke, nishike tena. Polepole."

Ukipata nafasi ya kuingia Serengeti mchana, jua likiwa la utosi, tazama kwenye vidimbwi vya tope kando ya barabara. Mara nyingi utamkuta yule mkimbiaji wa usiku amelala humo, amezama hadi mabegani, macho nusu yamefumbwa. Gari linapita, watalii wanapiga picha. Hainuki.